Aliyepiga Kelele Ziwani ni Mimi

Kwako mtani wangu Shija, uliyetangulia,

Naandika barua hii nikiwa nyumbani kwangu Sindeni, siku ya Jumatano, mchana, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote. Maneno hayo unayafahamu, kwa kuwa ulizoea kuyacheka kila uliponikuta nikiyaandika kwenye barua za watu. "Mzigua," ulikuwa ukiniambia, "hata ukiomba maji ya kunywa utaanza kwa kutaja akili zako?" Nami nilikuwa nikikujibu kwamba barua isiyoanza kwa adabu hairudi na jibu.

Unajua nilivyoupata uandishi huu. Shule niliiachia darasa la nne. Mengine niliyapata kwa kusimama mbele ya ubao wa matangazo wa ofisi ya kata na kunakili kila barua iliyobandikwa, mpaka nikajua mahali pa kuweka "tafadhali" na mahali pa kuweka "hivyo basi". Tangu hapo nimewaandikia majirani barua za mipaka ya mashamba, za kisima kilichokauka, za ng'ombe walioingia kwenye mahindi. Nimedai haki za watu wengi. Haki moja tu sikuwahi kuidai, nayo ni yako, kwa sababu aliyekuwa ameishikilia ni mimi mwenyewe.

Leo ni siku ya thelathini na saba tangu ulipofariki. Jumamosi, Mungu akipenda, ni arobaini yako, na barua hii itasomwa uani kwako Mashewa mbele ya ndugu, majirani na watakaotoka huku kwetu Handeni. Kwa hiyo naiandika kwako, lakini siifungi.

Jambo lenyewe ni hili. Kwa zaidi ya miaka arobaini watu wa Sindeni na watu wa Mashewa wameamini kwamba, katika vita vya Kagera, shambulizi letu la kushtukiza kule ziwani lilishindwa kwa sababu wewe ulipiga kelele na kuwaamsha maadui. Mwanao pia ameamini hivyo tangu utoto wake. Aliyepiga kelele hukuwa wewe, Shija. Ni mimi.

Nimekwisha kuliandika, na nashukuru kwamba kalamu haikukataa.

Nakumbuka siku ya kwanza nilipokusikia, kabla sijakuona. Tulikuwa vijana kwenye mstari wa kupokea viatu, kambini. Mimi nimetoka Handeni kwenye mahindi na mihogo. Wewe umetoka Korogwe, umezaliwa katika kambi za mashamba ya mkonge ambako baba yako aliletwa kutoka Unyamwezini kuja kukata. Mgawa viatu aliniuliza kabila langu. Kabla sijamaliza kujibu, ulidakia kutoka nyuma: "Huyo Mzigua, afande! Mpe viatu vyepesi, kazi yake kukimbia!" Mstari mzima ukacheka. Nikageuka nikakwambia, "Na wewe Mnyamwezi viatu vya nini? Ungepewa mzigo kichwani, miguu ingetembea yenyewe."

Tukapeana mikono pale pale. Mtu wa mbali angedhani tunatafuta ngumi, lakini wewe na mimi tulijua tulichopewa na mababu, tangu wa kwenu walipokuwa wakipita kwetu na mizigo yao kwenda pwani. Mtani hakasiriki. Mtani ana ruhusa ya kumkejeli mwenzake hata akiwa amekwisha kuvishwa sanda. Tangu siku hiyo hukuwahi kuniita kwa jina langu, nami lako nililitumia pale tu nilipokuwa na hofu.

Nakumbuka jinsi tulivyochaguliwa. Adui alikuwa ameukalia ufukwe wetu, na nyuma ya mafunjo alikuwa ameweka mapipa ya mafuta ya magari yake. Zilihitajika timu ndogo za kwenda alfajiri kwa mitumbwi, kuyachoma na kurudi kabla jua halijapanda. Afande alituketisha kwenye majani marefu saa nzima. Aliyekohoa aliondolewa. Aliyejikuna aliondolewa. Aliyempiga mbu aliondolewa. Tukabaki kumi na wawili, wewe na mimi tukiwemo, nami nikavimba kifua kwa kuchaguliwa kwa ajili ya ukimya wangu. Ukaninong'oneza, "Usijisifu, Mzigua. Umenyamaza kwa sababu huna la kusema."

Tuliwekwa wawili wawili katika mitumbwi sita, na wetu ulikuwa wa mwisho. Maji mengi niliyowahi kuyaona ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Wewe ulikuwa umeuona Mto Pangani, kwa hiyo ukajifanya nahodha. Tulipiga makasia polepole. Ukungu ulikuwa umelala juu ya ziwa, na kulikuwa kumepambazuka kiasi cha kuyaona mafunjo na, kwa nyuma, vichwa vya yale mapipa. Ulikuwa mbele yangu. Niliiona shingo yako na mishono ya kola yako, na mpaka leo naikumbuka.

Ndipo mafunjo ya upande wa kushoto yakaanza kuvunjika.

Lililofuata sikuwahi kukueleza vizuri, kwa kuwa hatukuwahi kulizungumza kwa utulivu. Wewe ulilelewa kwenye mkonge, na mkonge hauliwi na mnyama. Mimi nililelewa juu ya dungu, kile kichanja cha miti tunachokijenga katikati ya shamba. Mahindi yakianza kubeba, watoto wa kwetu tulikuwa tunahamia huko kulinda, mpaka siku ya mavuno. Nguruwe pori akiingia humwoni. Unasikia mabua yakivunjika na mkoromo wa chini kwa chini. Hapo mkono unakwenda kwenye debe kabla akili haijaamka. Ukisubiri ufikiri, ameshamaliza mstari mzima, na asubuhi utamjibu nini baba?

Nilisikia mabua yakivunjika. Nilisikia mkoromo. Nililishika kasia, nikaligonga kwa nguvu zote kwenye sanduku la bati la risasi, nikapiga ukelele wa shambani kwetu: "Huyoo! Huyoo! Toka! Huyo, huyo, huyoo!"

Alikuwa kiboko. Akazama zake kwa adabu. Walioamka ni maadui.

Risasi zilianza kuyapiga maji kama mtu anayemwaga kokoto. Kutoka mbele afande alipaza sauti, "Geuza! Geuza!" Mkono wako wa kushoto ulikuwa ukingoni mwa mtumbwi, na vidole viwili vikaondoka. Hukulia. Ulifunga mkono kwa shati, ukaendelea kupiga kasia kwa mkono mmoja, na njia nzima ukawa unawatukana Wazigua, ukoo kwa ukoo, hata wale usiowajua. Kumi na wawili tulikwenda na kumi na wawili tulirudi. Mapipa yalibaki yamesimama.

Tulipofika nchi kavu afande alijua kwamba kelele zimetoka mtumbwi wa mwisho. Alisimama mbele yetu wawili. "Nani kati yenu?"

Nathibitisha mbele ya watakaosoma kwamba nilifungua kinywa. Nathibitisha vilevile kwamba hakikutoka kitu. Ukasema wewe, "Ni mimi, afande. Nilimwona kiboko nikaogopa."

Nilikufuata kwenye hema la wagonjwa baada ya sala ya adhuhuri. Nilikuuliza, "Shija, kwa nini?" Ulishtuka kusikia jina lako.

"Mimi vidole vimekwisha kwenda," ulisema. "Watanirudisha nyumbani tu. Wewe mzima watakufunga. Tukifungwa wote, Mnyamwezi amepata faida gani?"

"Nitakwenda kusema."

"Nenda, uonekane mwongo, na mimi mwongo. Nyamaza, Mzigua. Wewe si ulichaguliwa kwa kunyamaza?"

Ukacheka, halafu ukageukia upande wa turubai kwa sababu ya maumivu. Nami nilinyamaza, na nikajiambia kwamba nimekutii. Kwa miaka mingi nililiita jambo hilo utii.

Ulirudishwa Korogwe na karatasi yenye sentensi moja, kwamba kwa kukosa nidhamu ulisababisha shambulizi kushindwa. Mimi niliendelea na vita mpaka mwisho. Nilirudi Handeni na nishani kifuani, nikapokewa kwa ngoma, na akina mama wakanitandikia kanga nipite juu yake. Nilipita juu ya kanga hizo, Shija.

Kisha nikafanya lililo baya zaidi, na hili ndilo nililotaka hasa mwanao alione limeandikwa. Katika harusi yako ya Mashewa, ulipomwoa binti wa Kisambaa ambaye sasa ni mjane wako, watu waliuliza habari za vita. Macho yakanigeukia mimi mwenye nishani. Niliogopa kwamba wataona usoni mwangu. Basi nikajificha ndani ya utani. Nikasimama nikasema, "Mwulizeni bwana harusi! Maadui mpaka leo wanamshukuru, aliwaamsha mapema wasichelewe kazini!"

Uwanja ukaangua kicheko. Wewe ukajibu bila kusita, "Na Mzigua huyu alijikunja nyuma yangu hata nikadhani nimebeba gunia!"

Tangu hapo ikawa desturi. Kila Idi, kila harusi, kila msiba, nilikupiga kwa hadithi hiyo na wewe ulinirudishia gunia. Watu walikuwa wakituita tuwafanyie. Hukuwahi, hata kwa jicho, kunionyesha kwamba nimezidi. Nami sikuwahi kuwatazama waliokuwa wakisikiliza, wala kujiuliza ni yupi kati yao anayekwenda nyumbani na maneno yale na kulala nayo kama ukweli.

Mara moja nilijaribu. Unakumbuka nilivyokuja na rasimu ya barua ya kuomba karatasi yako isahihishwe. Ulikuwa unachambua maharage uani. Uliniambia niisome kwa sauti, nami nikaisoma yote, nikijivunia jinsi nilivyoipanga. Ulisifu. Ulisema ile "hivyo basi" ya mwisho imekaa vizuri. Halafu ukasema hapana.

"Kwa nini hapana?"

"Barua hiyo ikienda, mimi nitakuwa mtu wa kuonewa huruma, na wewe utakuwa mtu wa kusamehewa. Tutataniana vipi? Tutabaki kupeana pole kama wagonjwa. Nikishakufa, fanya utakavyo."

Ndipo nilipokueleza kwamba, baadaye katika vita, tulipita kwa miguu kwenye ufukwe ule ule baada ya adui kukimbia, na nyuma ya mapipa nikaona mahandaki yaliyochimbwa kuelekea ziwani, na vituo vya bunduki kubwa. Pengine tungeteremka kimya tusingerudi hata mmoja. Jambo hilo silitoi hapa kama utetezi, kwa kuwa wakati napiga kelele sikulijua. Ninaliandika kwa sababu ya jibu lako. Ulifikiri kidogo, ukasema, "Basi ile nishani yako mpelekee kiboko."

Ulipofariki, nilikuja kukuzika. Wote walikuwa wakinisubiri, kwa sababu mtani asipofika jeneza halitoki. Nililala chini mlangoni, kama mila inavyotaka, ili kuwazuia waliobeba. Wakapiga makofi: "Mtani huyo! Mtani amefika!" Niliigiza ulivyokuwa ukitembea na ulivyokuwa ukishika jembe kwa vidole vitatu. Walicheka na kulia kwa pamoja. Kisha mtu mmoja akaita, "Ziwani! Tupe ya ziwani!"

Nilisimama wima. Nikasema, "Mnyamwezi huyu hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga."

Wakaangua kicheko.

"Naapa kwa Mungu, ni mimi!"

"Leo kazidisha!" mzee mmoja alisema huku akijifuta machozi. "Mtani leo anajitwisha mwenyewe!"

Kadiri nilivyoapa ndivyo walivyozidi kucheka. Nilikuwa nimeutumia utani kuuficha ukweli kwa miaka yote hiyo, na siku nilipoutaka ukweli utoke, utani haukuupisha. Jeneza lilinyanyuliwa likapita juu yangu. Nilifuata nyuma nikiwa mtu aliyekiri na hakusikilizwa.

Siku ya tatu, baada ya hitima, nilimwomba mjane wako tuzungumze. Aliniwekea kigoda, naye akakaa kwenye mkeka. Nilimweleza yote tangu mafunjo mpaka hema la wagonjwa, bila mzaha, kwa mpangilio, kama mtu anavyotoa ushahidi barazani. Alisikiliza huku akisokota ncha ya kanga yake. Nilipomaliza nikangoja aniondoe nyumbani kwake.

"Shemeji," alisema, "mimi nilijua mwaka ule ule nilioolewa."

Nilimwuliza alijuaje.

"Si wewe mwenyewe ulikuwa ukiwaigizia watu zile kelele? 'Huyoo, huyoo, toka!' Hizo ni za kuamia shamba, za kufukuzia nguruwe. Mimi nimekulia kwenye mahindi, nazijua. Sasa mume wangu mtoto wa mkonge angezijulia wapi? Mwaka wa kwanza nilimpeleka shambani akalinde, nguruwe walipokuja akawapigia makofi. Makofi, shemeji! Kama yuko ngomani. Walikula mpaka wakashiba."

Tulicheka, mjane na mimi, siku ya tatu ya msiba wako. Halafu nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Mwenyewe alinikataza. Alisema ukijua kwamba najua, utaona haya, utaacha kuja."

Nililia pale kwenye kigoda, na machozi hayo hayakuwa ya msiba. Alinipa maji. Nilipoweza kupumua vizuri, alimwita mwanao. "Ramadhani, njoo umsikilize mzee."

Ramadhani unamjua kuliko mimi. Fundi mzuri wa pikipiki, mjini Korogwe, mtu wa maneno machache. Kwangu siku zote alikuwa na maneno mawili, "Shikamoo, mzee," kisha anaondoka. Nilidhani ni tabia yake. Nilimweleza yote upya, nikiwa nimesimama.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ile karatasi ya baba niliisoma nikiwa darasa la sita. Nilikuwa nataka jeshi, mzee. Nikaona nikienda nitaulizwa mtoto wa nani."

"Nisamehe, mwanangu."

"Mimi baba yangu nilimheshimu. Lakini kila ukisimama kwenye sherehe nilikuwa naacha kula. Kwa nini hakuniambia?"

Nilimwambia ninachoamini, kwamba ulikuwa umeamua kuilinda siri yangu, na ulidhani mtoto anaujua utani kama tunavyoujua sisi. Hapo tulikosea wote wawili. Lako lilikuwa kosa la wema. Langu halikuwa hivyo.

Aliinamisha kichwa. "Ukisema kwa mdomo watu watacheka, kama juzi mlangoni. Wewe si huwaandikia watu? Basi andika. Andika mpaka mtu asione pa kuchekea."

Hivyo basi nimeandika. Pamoja na hii, nimeiandikia ofisi inayohusika na kumbukumbu za askari wastaafu, nikieleza kosa langu na kuomba sentensi yako ifutwe, na nimeambatisha nishani. Siidai irudi. Sijui watajibu lini, lakini barua imeanza kwa adabu.

Jana Ramadhani alipanda pikipiki kutoka Korogwe mpaka hapa Sindeni kusikiliza rasimu. Nilimkaribisha chai na mihogo, nikamsomea yote mpaka mwisho. Alimega mhogo, akautafuna polepole.

"Vidole vilipoondoka, alilia?" aliuliza.

"Hakulia. Alitukana."

"Alimtukana nani?"

"Wazigua wote, kwa koo zao."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikainuka. Alikuwa anacheka, Shija, kicheko chako kile kile cha kuziba mdomo kwa nyuma ya mkono. Alipotulia, akazichukua karatasi, akazitazama kama mkaguzi.

"Barua nzuri," alisema. "Ila hapa ulipoandika 'nilipiga kelele' parekebishe. Andika 'nilibweka'. Mzigua hapigi kelele, anabweka."

Hakuwahi kuniita Mzigua. Nilimjibu kwamba barua rasmi hairekebishwi na mtoto wa mbeba mizigo, naye akamega mhogo mwingine akaniambia chai yangu ni ya maji kama vita vyangu. Tuliendelea hivyo mpaka jua lilipofika mlangoni, na alipoondoka aliniahidi kwamba Jumamosi, nikimaliza kusoma, atasimama yeye kunitania.

Pumzika salama, ndugu yangu. Lile neno la kelele sikulibadilisha. Lakini nakutaarifu kwa heshima kwamba nafasi yako imepata mtu, na anaijua kazi.

Ni mimi,
Mtani wako,
Mzigua wa Sindeni